Mac mini ya M4: kabla hujafungua boksi, tafuta kwanza kibodi ya waya

Ndani ya boksi la Mac mini ya M4, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple, mna vitu viwili tu vya maana: kompyuta yenyewe na waya wa umeme. Kibodi hamna, kipanya hamna, waya wa skrini hamna. Aliyezoea kununua kompyuta ya mezani seti nzima anaweza kudhani boksi limechokolewa njiani. Halijachokolewa. Mac mini imekuwa ikiuzwa hivi tangu ile ya kwanza ya mwaka 2005: mnunuzi anakuja na skrini yake, kibodi yake na kipanya chake. Shida ni kwamba toleo hili, lililoingia sokoni tarehe 8 Novemba 2024, limeondoa kabisa yale matundu ya USB ya zamani, mapana ya mstatili. Yamebaki ya USB-C peke yake. Kwa hiyo ile kibodi ya waya iliyolala kabatini, ambayo ndiyo ingekuokoa siku ya kwanza, haichomeki.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloamua kazi ya kuifunga itachukua dakika ishirini au siku nzima. Kompyuta yenyewe ni nzuri sana, na kuna mahali nitaisifu bila kubana maneno. Lakini anayekwama kuifunga nyumbani mara nyingi hakwamishwi na kompyuta. Anakwamishwa na waya usiopitisha picha, adapta ambayo haipo, au kibodi ya Bluetooth ambayo kompyuta haiioni.

Unachokinunua

Ni kiboksi cha alumini chenye sentimita 12.7 kila upande, kimo sentimita 5, uzito kilo 0.67. Toleo lililotangulia lilikuwa na sentimita 19.7 kila upande, kwa hiyo kupungua kwake unakuona kwa macho. Kigeuza umeme kimo humo humo ndani, hakuna tofali la chaja la kuburuta sakafuni. Waya wake ni ule wenye kichwa cha umbo la nane, na mashine inakubali umeme wa volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote ya kugeuza.

Chipu ya M4 ina viini 10 vya kuchakata, vinne vya nguvu na sita vya kubana umeme, pamoja na viini 10 vya picha. Memori ya toleo la chini ni GB 16. Toleo la nyuma yake lilianzia GB 8, na kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko hata kupungua kwa umbo. Kwa GB 16 unafungua kurasa nyingi za intaneti, faili za hesabu, simu ya video na programu ya kuhariri picha kwa pamoja, na mashine haianzi kukokota. Kwa kazi za kawaida za nyumbani na ofisini, hiyo inatosha kwa miaka.

Hifadhi ndiyo nyembamba. Toleo la chini lina GB 256, na mfumo wenyewe utakuonyesha takribani GB 245, kabla hujaweka chochote chako. Hapa nina msimamo: kama una pesa ya kuongeza kitu kimoja tu wakati wa kununua, ongeza memori, usiongeze hifadhi. Memori imeunganishwa na chipu yenyewe na haitaongezwa tena maisha yote ya kompyuta. Hifadhi unaweza kuipanua kesho kwa kuchomeka diski ya SSD ya nje. Hata matundu mawili ya mbele yanapitisha gigabiti 10 kwa sekunde, kwa hesabu ya mezani kama GB moja kila sekunde. Video ya GB 50 inahama kwa muda wa kuchemsha maji ya chai, ikiwa diski nayo ina kasi hiyo.

Nani asiinunue? Anayetaka kucheza michezo ya Windows, na anayetegemea programu fulani ya Windows isiyo na mbadala. Ule utaratibu wa zamani wa kuweka Windows kwenye Mac pembeni ya macOS, mfumo wa Apple wenyewe, haupo kwenye chipu hizi. Programu za Mac zilizoandikwa kwa chipu za Intel bado zinakwenda kupitia Rosetta 2, kitafsiri cha Apple kilichomo ndani ya macOS, ila Apple imeshatangaza kwamba huduma hiyo kwa ujumla itaendelea hadi macOS 27. Kama unatumia programu ya zamani ya muziki, ya uhasibu au ya mashine ya kuchapa ambayo haijasasishwa kwa muda mrefu, uliza kwanza, nunua baadaye.

Cha kuwa nacho mkononi

Kibodi ya waya, au isiyo na waya yenye kidongoo kidogo cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kipanya vivyo hivyo. Adapta ndogo mbili za kutoka USB-C kwenda USB ya zamani. Waya mzuri wa HDMI. Na skrini yenyewe, bila shaka.

Kwa nini nashikilia ya waya, wakati kila mtu ana kibodi ya Bluetooth? Mac mini ikiwaka mara ya kwanza bila kibodi, huanza kutafuta kibodi na kipanya vya Bluetooth vilivyo katika hali ya kujiunganisha. Ile kibodi ambayo jana ilikuwa imeunganishwa na tableti haimo katika hali hiyo. Ukiiwasha, inakimbilia tableti yake iliyoizoea, na wewe umekodolea skrini isemayo hakuna kibodi. Ukitaka kujaribu hivyo hivyo, zima kwanza Bluetooth ya tableti na simu zote zilizowahi kuitumia, kisha bana kitufe cha kuunganisha mpaka taa ianze kupepesa haraka haraka. Taa ikipepesa polepole au ikitulia, bado inatafuta kifaa cha zamani. Kibodi za Apple zenyewe ni rahisi zaidi: washa swichi yake, ichomeke kwa waya wake, inajitambulisha yenyewe, kisha unachomoa.

Kuhusu skrini, jihadhari na kebo za USB-C. Kebo iliyokuja na chaja ya simu inafanana kabisa kwa nje na kebo ya skrini, lakini nyingi za kuchajia hupitisha data kwa megabiti 480 tu kwa sekunde na hazipitishi picha hata kidogo. Ukiichomeka, skrini itasema hakuna mawimbi, na utadhani kompyuta ni mbovu. Kama huna uhakika na kebo yako, tumia HDMI siku ya kwanza.

Kingine: mashine hii ina spika ndogo ya ndani, ya kutosha kusikia kengele na maneno, si muziki. Maikrofoni haina, kamera haina. Mwenye mikutano ya video apange kamera ya USB, au atumie iPhone yake kama kamera, jambo ambalo macOS inalikubali kuanzia iPhone XR yenye iOS 16.

Kuifungua na kuiweka mezani

Boksi limefungwa kwa karatasi tupu, hamna nailoni wala sponji. Kabla ya kutupa chochote, piga picha ya lebo yenye namba ya mashine. Ukishaiwasha, fungua System Settings, ingia General, kisha About, linganisha namba hiyo na ile ya boksi. Zikitofautiana, rudisha siku hiyo hiyo.

Sasa igeuze uitazame chini. Kuna kitako cha duara kilichoinua mwili wake kidogo. Hewa inaingia kupitia hapo, na hewa ya moto inatokea hapo hapo. Hiki si kitu cha kupuuza. Ukiikalisha juu ya kitambaa kinene, juu ya zulia, au ukaibana kati ya vitabu, unaziba pua na mdomo kwa pamoja. Iweke juu ya mbao, kioo au chuma, kitu kigumu kilicho bapa, na pande zote ziachie angalau upana wa vidole viwili. Wako wanaoilaza kichwa chini ili kitufe kiwe juu. Kwa kufanya hivyo vumbi linaingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa.

Hicho kitufe chenyewe kimelalamikiwa sana, na malalamiko yana haki nusu. Kipo chini ya mashine, kona ya nyuma kushoto ukiwa umekaa mbele yake. Namna ya kukibonyeza ni hii: kidole gumba juu ya kona ile, kidole cha shahada kipite chini, nyanyua kona kidogo, bonyeza mara moja uachie. Usikibane. Ukikibana kwa sekunde kadhaa wakati wa kuwasha, kompyuta inaingia kwenye chaguo za kuanzia, ile skrini ya diski na gia, na wengi hudhani imeharibika. Ukifika huko kwa bahati mbaya, chagua diski ya ndani, endelea, itawaka kawaida. Nasema haki nusu kwa sababu kompyuta hii haihitaji kuzimwa kila siku. Ikiwa imewaka bila kazi inakula wati 4, na takwimu za Apple zinaweka kilele chake kwenye wati 65. Iache ilale, iamshe kwa kugusa kibodi. Lakini aliyezoea kuzima kila usiku ajue kwamba ikishazimwa kabisa, kibodi haiiwashi. Lazima mkono uende chini.

Mpangilio wa kuchomeka: skrini kwanza, kisha kibodi na kipanya, kisha waya wa mtandao kama unao, umeme mwisho. Washa skrini kabla ya kompyuta, na uhakikishe imechagua ingizo lile lile ulilochomeka. Skrini yenye HDMI mbili iliyoachwa kwenye ingizo la pili ni chanzo kikubwa cha "haiwaki", kuliko ubovu wowote. Angalia taa ndogo nyeupe mbele ya mashine: ikiwaka na mlio wa kuanzia ukasikika, kompyuta iko hai, tatizo liko kwenye waya au skrini.

Maswali ya kuanzia, na yapi ya kuruka

Skrini ya kwanza ni ya lugha. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za mfumo, kwa hiyo utachagua lugha nyingine unayoisoma vizuri. Nchi ichague ile unayoishi kweli, kwani saa, tarehe na duka la programu vinafuata hapo.

Kisha itauliza kama uhamishe vitu kutoka kompyuta ya zamani. Ushauri wangu ni kuruka, hata kama unayo Mac ya zamani. Kwanza, kama ya zamani ina GB 400 za mafaili, hazitaingia kwenye GB 256, na utaligundua hilo baada ya kusubiri hesabu zake. Pili, uhamisho unabeba takataka zote za miaka. Hamisha baadaye kwa Migration Assistant, ambayo inabaki ndani ya kompyuta siku zote, tena kwa kuchagua. Na ukihamisha, fanya kwa waya. Wi-Fi inaweza kuchukua usiku kucha kwa kile ambacho kebo ya Thunderbolt, ile yenye kichwa cha USB-C na kasi kubwa, inakimaliza kabla chakula hakijaiva. Anayetoka Windows, njia ya uhakika ni kunakili folda zake kwenye diski ya nje na kuzimwaga upya.

FileVault iwashe. Hifadhi ya mashine hizi imesimbwa tangu kiwandani, lakini FileVault ndiyo inayofunga ufunguo huo kwa neno lako la siri. Ikikupa namba ya kufufulia, iandike kwenye karatasi na uiweke mahali mbali na kompyuta. Ukipoteza neno la siri na namba hiyo pamoja, mafaili yameondoka, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Ukiingia kwa akaunti ya Apple, kagua mara moja mipangilio ya iCloud Drive kama imewasha kupakia folda za Desktop na Documents. Nafasi ya bure ya iCloud ni GB 5 tu. Mtu anamwaga picha zake kwenye Desktop, yaani meza ya kwenye skrini, GB 5 zinajaa, barua za kuombwa pesa zinaanza. Izime kama hukuikusudia, lakini kabla ya kuizima hakikisha una nakala ya mafaili mahali pengine, kwa sababu baada ya kuzima yanabaki kwenye iCloud Drive na folda inaweza kuonekana tupu. Watu hupata mshtuko hapo bure.

Baada ya hayo, sasisha mfumo kabla ya kuweka programu yoyote. Mashine iliyokaa ghalani inaweza kuwa bado ina macOS 15, iliyokuwepo toleo hili lilipotoka. Usishtuke ukiona inayofuata inaitwa 26: Apple iliruka namba makusudi ili zilingane na mwaka, na macOS 26 ilitoka tarehe 15 Septemba 2025. Upakuaji ni wa gigabaiti kadhaa. Wakati wa kusasisha mashine itajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, skrini ikibaki nyeusi kwa dakika. Usiguse waya wa umeme.

Kibodi inayokusahihisha kwa nguvu

Kibodi isiyo ya Apple ikichomekwa, mfumo utakuomba ubonyeze kitufe kilicho jirani na Shift ya kushoto, kisha cha jirani na Shift ya kulia. Fanya hivyo kwa utulivu. Ukikosea, alama kadhaa zitahama mahali pake na utazitafuta wiki nzima. Kwenye kibodi ya Windows, kitufe chenye nembo ya Windows ndicho kinakuwa Command, na Alt inakuwa Option, yaani vimekaa kinyume na kibodi ya Mac. Nenda Keyboard, kisha Keyboard Shortcuts, kisha Modifier Keys, ukavibadilishane. Inachukua nusu dakika, na kidole gumba kitakushukuru.

Halafu kuna hili linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Masahihisho ya moja kwa moja yamewashwa tangu mwanzo, na yanasahihisha kwa Kiingereza. Unaandika "wake", inapita bila maneno kwa kuwa nalo ni neno la Kiingereza. Unaandika neno lingine la kawaida kabisa, unapoinua macho limeshageuzwa kitu kingine. Fungua Keyboard, chini ya Input Sources bonyeza Edit, zima kusahihisha tahajia moja kwa moja na kuanza na herufi kubwa. Ukitaka mistari myekundu iondoke kwa haki, kamusi huria ya Kiswahili ya mfumo wa Hunspell, ile ile inayotumiwa na LibreOffice, ina mafaili mawili yanayoishia na .aff na .dic. Yaweke kwenye folda ya Library/Spelling ya mtumiaji, ondoka kwenye akaunti na uingie tena, kisha uchague Kiswahili kwenye orodha ya tahajia. Jambo dogo, lakini linabadilisha kabisa raha ya kuandika kwenye mashine hii.

Skrini: hapa ndipo pesa hupotea

Ukihisi kipanya ni kizito, kama kinaburutwa kwenye matope, usikilaumu. Fungua Displays uangalie Refresh rate, yaani skrini inachora picha mara ngapi kwa sekunde (Hz). Ikisema 30, umepata mchawi. Waya au adapta ya HDMI 1.4 inafikisha picha ya 4K kwa Hz 30 tu. Hata vile vituo vya USB-C vyenye matundu mengi, vingi vinashuka hadi Hz 30 kwa sababu njia za picha zinagawana kebo moja na data ya USB. Skrini ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, kwa waya wa HDMI wa kisasa au kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, na chagua Hz 60 au zaidi.

Herufi zenye ukungu zina sababu nyingine. Tangu 2018, macOS iliacha ile mbinu ya zamani ya kunoa kingo za herufi kwenye skrini za kawaida, na tangu hapo inapendelea skrini zenye vitone vingi. Skrini ya inchi 24 ya 1080p ina vitone kama 92 kwa inchi, na maandishi yake kwenye Mac yanaonekana hafifu kuliko kwenye Windows, skrini ikiwa ile ile. Ya inchi 27 ya 1440p ina kama 109: inafaa, herufi zina ukubwa mzuri, ila hazina ukali wa kukata. Ya inchi 27 ya 4K ina 163, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayesoma na kuandika kutwa. Iweke kwenye mpangilio unaofanana na 2560 kwa 1440. Kabla ya kununua Mac mini na kuiunga na skrini kuukuu, kaa mbele ya skrini ya aina hiyo iliyounganishwa na Mac, usome ukurasa mzima. Kwa wengine tofauti haiwasumbui. Kwa wengine inaumiza macho ndani ya saa moja.

Mashine hii inaendesha skrini tatu kwa pamoja: mbili hadi 6K kwa Hz 60 kupitia matundu ya Thunderbolt ya nyuma, na ya tatu 4K kwa Hz 60 kupitia HDMI. Kila moja iwe na waya wake. Ule mtindo wa kuunga skrini moja nyuma ya nyingine kwa DisplayPort, macOS hauutumii kupanua meza. Utapata picha ile ile kwenye zote mbili.

Sauti ikipita kwenye spika za skrini, vitufe vya sauti vya kibodi mara nyingi havifanyi kazi, vinaonyesha alama ya katazo. Si hitilafu. macOS inaiachia skrini kazi hiyo. Punguza kwa vitufe vya skrini, au weka programu huria ya MonitorControl.

Diski ya nje, na kipanya kinachorukaruka

Diski ya kutumia na Mac peke yake ifomati kwa APFS. Ya kubadilishana na Windows ifomati exFAT. Diski yenye fomati ya NTFS itasomeka, lakini hutaweza kuandika ndani yake, na hapo ndipo watu husema diski "imejifunga". Maktaba ya programu ya Photos inaweza kuhamia diski ya nje ili kuokoa zile GB 245, lakini diski hiyo iwe ya fomati ya Mac, isiwe exFAT, na isiwe ile ile ya Time Machine. Tangu macOS 15.1, programu kubwa za App Store zinazozidi GB 1 nazo zinaweza kuwekwa kwenye diski ya nje. Kwa nakala za akiba za Time Machine, tenga diski yenye ukubwa angalau mara mbili ya hifadhi yako.

Ukishachomeka SSD na ghafla kipanya cha Bluetooth kikaanza kurukaruka, sababu ni ya kifizikia. USB 3 ikifanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Bluetooth. Intel ilieleza jambo hilo tangu 2012. Mashine ni ndogo, kila kitu kimesongamana. Sogeza diski umbali wa nusu mita kwa kebo ndefu kidogo yenye kinga nzuri, usiiweke juu ya mashine, na Wi-Fi ihamishie GHz 5. Mara nyingi kutenganisha tu kunamaliza.

Mwisho ni umeme. Hii haina betri. Umeme ukikatika, ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Fungua Energy, washa kile kipengele cha kuanza yenyewe umeme unaporudi, nawe hutainama kutafuta kitufe. Na kwa kuwa inakula kidogo, UPS, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, hata ndogo ya VA 600 inaibeba pamoja na skrini ya kawaida kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. UPS nyingi zenye waya wa data, macOS inazitambua bila programu ya ziada na inaweza kujizima yenyewe akiba ikikaribia kuisha. Waya huo wa data karibu siku zote una kichwa cha USB ya zamani, kwa hiyo ile adapta ya pili imeshapata kazi.